Tupeane uzoefu: dawa ya kupaka iliyokutokea puani

Wakuu, habari za jioni.

Leo dogo wa jirani kaja kuniazima "ile krimu yako ya fangasi". Nimemnyima, kaondoka kanuna. Nikaona nieleze hapa kwa nini, na nyie mlete ya kwenu.

Mwaka 2019 nilikuwa naendesha boda. Kutwa kwenye siti, jinzi nzito, jasho, ukaanza muwasho kwenye kinena. Alama ya mviringo, pembeni imeinuka, katikati kama pamepona. Mashilingi hayo, ila mimi nilidhani ni joto. Nikaingia duka la dawa. Sikuonyesha kitu, ningeonyeshaje na muuzaji ni dada na nyuma yangu kuna foleni? Nikasema tu "nipe ya kuwashwa". Nikapewa tyubu ya zile tatu kwa moja.

Usiku ule nililala kama mtoto. Siku ya nne alama imefifia, nikaacha. Wiki mbele imerudi, nikapaka, ikatulia. Nimekwenda hivyo miezi saba, na kila ikirudi inachukua kiwanja kipya: paja, makalio, hadi kiunoni. Ule mviringo nao ukapotea, vikabaki vipele visivyo na umbo, hata ukimwonyesha mtu hajui ni nini.

Aliyenifungua macho ni tabibu mmoja mzee wa zahanati. Aliomba tyubu kabla hata ya kuniangalia mimi. Akaweka ukucha kwenye maandishi madogo ubavuni: klotrimazoli, hiyo ya fangasi. Jentamaisini, ya bakteria. Betamethasoni. "Hii ya tatu ndiyo inayokulaza usingizi," akasema. "Ni steroidi. Inanyamazisha ngozi isipige kelele, fangasi wanaendelea kula taratibu." Yaani ule muwasho na kuvimba ni mwili wenyewe unapigana, na mimi nilikuwa namfunga mikono askari wangu.

Akanipa klotrimazoli tupu, mara mbili kwa siku, na alama zikipotea niongeze wiki mbili ndiyo niache. Na vidonge, kwa kuwa ilishaenea. Siku za mwanzo bila steroidi zilikuwa moto, sitadanganya. Fangasi waliisha. Michirizi ya mapajani, kama ya tumbo la mzazi, ninayo hadi leo na haiondoki.

Haya, leteni. Ya mkorogo pia ruksa, ila tusichambane.

Mama Wawili
Pole mleta mada. Yangu ni BBE, ile dawa ya upele ya kupaka. Mwanangu wa miaka 9 alirudi bweni na upele, vidole vyote katikati vimechimbika. Nikampaka ile dawa kama ilivyo, kelele zake majirani walikuja. Kumbe ya asilimia 25 ni ya mtu mzima, mtoto wa umri ule inachanganywa na maji nusu kwa nusu. Kosa la pili, nilimpaka yeye peke yake. Baada ya wiki tatu tunajikuna nyumba nzima, hadi baba yake anayejifanya hana shida. Tukarudia sote siku moja, shingoni hadi unyayo, shuka na nguo zote zikafuliwa na kuanikwa juani. Kosa la tatu ndilo lililoniuma: mtoto aliendelea kuwashwa, nikampaka siku tano mfululizo, ngozi ikawa gamba la mua. Hakuna aliyeniambia kwamba wadudu wakishakufa muwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne.

Kaka wa Kahama
Benzoili peroksaidi ya chunusi. Chunusi zilipungua kweli. Ila nililala kwa shemeji, nikajifutia uso taulo lake jipya la bluu. Asubuhi lina mabaka meupe kama ramani. Shemeji anaamini hadi leo kwamba nilimwagia jiki.

Binti Pangani
Mkorogo. Nilikuwa na kitchen party, nikataka uso "ung'ae". Dada wa saluni akanichotea kwenye kopo lisilo na lebo. Wiki mbili watu wananisifia. Kopo likaisha, uso ukawaka kama umepakwa pilipili, vipele, na vinyweleo kidevuni ambavyo sikuwa navyo. Nikarudi kununua, pakatulia. Mleta mada, hadithi yetu ni moja. Ilinichukua karibu mwaka kuacha. Daktari aliniuliza kulikuwa na nini ndani, nikabaki namtazama. Wewe angalau ulikuwa na ubavu wa kusoma.

Fundi Saa
@Binti Pangani shukuru kama haikuwa na zebaki. Hiyo inapita kwenye ngozi hadi kwenye figo. Mkiona kwenye lebo neno calomel, au herufi Hg, wekeni chini.

Mdadisi
Kwa hiyo steroidi ni sumu? Nina tyubu moja nataka kuitupa.

Mama Nuru
Usitupe kabla hujajua uliandikiwa kwa ajili gani. Mimi ndiye niliyetupa. Binti yangu ana pumu ya ngozi, niliposoma habari za michirizi nikaogopa, nikaacha kila kitu nikabaki na mafuta ya nazi. Mtoto alijikuna hadi shuka lina damu, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekuwa mizito kama ngozi ya ngoma. Tulipofika Moshi, kile kituo cha ngozi cha RDTC pale hospitali ya KCMC, nilitegemea kugombezwa. Nesi alichukua kidole changu cha shahada, akakamua krimu kuanzia kiungo cha kwanza hadi nchani. Mstari mmoja tu. "Hii inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo." Mimi nilikuwa ama nampaka kama siagi kwenye mkate, ama simpaki kabisa. Usoni alipewa haidrokotisoni ya asilimia 1, mwilini iliyo kali zaidi kwa siku chache, ikitulia tunasimama. Kope aliniambia nisiguse bila yeye, maana inaweza kupandisha presha ya jicho. Mafuta ya mgando kila siku, hata akiwa mzima, na hasa akitoka tu kuoga. Mwaka wa tatu sasa, analala.

Mdadisi
Ahsante mama. Nimesoma ubavuni, imeandikwa klobetasoli. Niliandikiwa ya nyayo, ila mke wangu anapaka usoni.

Mama Nuru
Hiyo ni steroidi ya ngazi ya juu kabisa kwa ukali. Mpeleke kwa daktari wa ngozi wiki hii, na aende nayo hiyo tyubu.

Mleta mada
Wakuu, dogo karudi. Kanunua ya kwake, duka la kona, kwa aibu ileile niliyokuwa nayo mimi. Tumeisoma pamoja kwa tochi ya simu. Betamethasoni, mstari wa tatu. Hana risiti na duka halirudishi, nimempa elfu tatu akaulize klotrimazoli tupu. Kaniuliza hii aliyonayo ampe nani.