Vifaa vya kidijitali maktabani na darasani: tupeane uzoefu, kipi bado kinatumika baada ya mwaka?

Mkutubi
Wakuu habari zenu. Mimi ni mkutubi wa shule, huu mwaka wa nane. Naomba tupeane uzoefu kuhusu hivi vifaa vya kidijitali, vishikwambi, seva ndogo, programu za maktaba, za darasani, chochote ulichokigusa kwa mkono wako. Ila tusirushiane orodha ya majina ya app, hizo zimejaa kila kona. Nataka kujua kile ambacho bado mnakitumia baada ya ule moto wa mwanzo kupoa, na kilichokufa mtuambie kilikufaje.

Naanza mimi. Tulikuwa na vitabu kama elfu tatu na daftari la kuazima lililochanika jalada. Nikaamua kuweka Koha, ile programu huria ya maktaba, ilizaliwa New Zealand na ikaanza kazi mwaka 2000, haina malipo ya leseni. Nilidhani kompyuta ndo itanisumbua, kumbe kazi iko kwenye vitabu vyenyewe. Kitabu kipya ni raha, unakigeuza nyuma, unapiga skana kwenye bakodi, tii, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13 inaingia, halafu Koha inavuta taarifa kutoka kwenye katalogi ya maktaba kubwa huko nje, jina, mwandishi, mwaka, vyote vinajijaza. Sasa fika rafu za chini uone. Vitabu vya zamani vina ISBN ya tarakimu 10 imechapwa ukurasa wa ndani, maana hizi za 13 zimeanza 2007, na vingine havina namba kabisa, hapo ni kuandika kimoja kimoja mpaka vidole viume. Wanafunzi wanne walikuwa wanakuja kila mapumziko kunisaidia, na mpaka leo wale wanazijua rafu zile kuliko mwalimu yeyote.

Kilichonifurahisha zaidi siyo kuazimisha haraka. Ni ripoti ya vitabu ambavyo havijaazimwa hata mara moja. Niliichapa, nikavitoa vile vitabu rafu ya juu ambako mtoto hafiki, nikavisimamisha kwenye meza ya mlangoni jalada likimtazama anayeingia, na wiki ileile vikaanza kutoka. Bila ile ripoti nisingejua hata kama vipo.

Mwalimu Fizikia
Shukrani mkutubi kwa uzi huu. Mi kilichobaki kwangu ni PhET, yale majaribio ya kwenye kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, yalianzishwa 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2001. Unayadaunlodi mara moja unayatumia bila intaneti, na mengi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili.

Somo la umeme kwangu lilikuwa msiba. Betri chache, balbu zinaungua, watoto wanaogopa kugusa waya wakidhani watarushwa, basi unaishia kuchora saketi ubaoni na wao wanakopi. Siku ya kwanza niliwasha projekta nikamwita binti mmoja ambaye huwa hanyooshi mkono hata siku moja, nikamwambia unga waya utakavyo. Akaunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja, betri ya kwenye skrini ikawaka moto, darasa zima likaruka aaah! Nikawauliza kwa nini imewaka, wakabishana dakika kumi nzima bila mimi kutia neno, na yule binti ndo aliyesema mkondo umepata njia rahisi haukukutana na kizuizi chochote. Kesho yake nikawapa waya na betri za kweli na hakuna aliyeogopa, kila kundi linajua shoti ni nini na inaepukwa vipi. Kwahiyo mi siachi vifaa halisi, natanguliza skrini halafu mkono unafuata, ukigeuza huo mpangilio au ukaishia kwenye skrini tu naona watoto wanalichukulia kama gemu.

Mama Darasa la Tatu
Mwalimu hapo juu umesema kweli kabisa. Kwetu ni Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, inakaa kwenye kompyuta moja ndogo ya Raspberry Pi, inarusha waifai yake humohumo ndani ya jengo, watoto wanafungua kwenye vishikwambi kama wanafungua tovuti ya kawaida na bando halitumiki hata kidogo. Kuna video, mazoezi, hadithi za African Storybook za Kiswahili, na mwalimu anaona nani kamaliza na nani amekwama swali lilelile mara tano.

Mwanzoni pasiwedi zilituua. Kipindi cha dakika arobaini, ishirini zinaisha mtu anauliza mwalimu nimesahau, mwalimu nimekosea. Baadaye nikagundua kwenye mipangilio unaweza kuruhusu wanafunzi waingie kwa jina tu bila pasiwedi, jamani nililia! Kitu kingine, andikeni namba kubwa mgongoni kwa kila kishikwambi na mtoto awe na namba yake siku zote. Tangu tuanze hivyo hakuna anayegombania, na kikipasuka unajua pa kuanzia kuuliza.

Mkasa wetu ulikuwa umeme. Ulikatika mara tatu siku moja wakati seva, yaani ile kompyuta ndogo, inaandika, memori kadi ikaharibika, kila kitu kikapotea, kazi za watoto za muhula mzima. Niliumia sana maana kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anahesabu nyota zake kila Ijumaa na sikuwa na la kumwambia.

Fundi Seva
Pole sana dada. Hilo la kadi ni ugonjwa wa kawaida wa hivi vikompyuta. Fanya mambo mawili, tafuta betri ndogo ya akiba ikae katikati ya umeme na seva, na ile kadi ikishakuwa sawa tengeneza nakala yake nzima kwenye kadi ya pili uifungie kabatini. Ikifa hii unachomeka ile, dakika tano mnaendelea. Ila kazi za watoto zinabadilika kila siku, hizo zinataka bekapu ya kila wiki kwenye flashi, na awepo mtu mmoja mwenye jukumu hilo kwa jina, mkisema "tutafanya sote" hafanyi mtu.

Na kwa wanaotaka Wikipedia bila intaneti kupitia Kiwix, angalizo. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100 na inaweza kuja kama faili moja. Nilihangaika siku nzima nakopi inakataa, inaniambia faili kubwa mno wakati kadi iko tupu kabisa. Kumbe kadi ilikuwa imefomatiwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Badilisha iwe exFAT imeisha hiyo. Ya Kiswahili ni ndogo sana, inaingia hata kwenye simu, anzeni nayo.

Mwl Mpya
Sisi hatuna vishikwambi, tuna simu yangu tu. Natumia Plickers. Kila mtoto ana karatasi yenye mchoro wa miraba kama bakodi, akitaka kujibu A anaishika hivi, B anaigeuza hivi, mi nazungusha simu darasani mara moja majibu ya wote yanaingia. Michoro haifanani na herufi ni ndogo kwahiyo jirani hawezi kuchungulia. Wale wanaonyamaza siku zote nao wanajibu, hapo ndo nimejua nusu ya darasa hawakuwa wananielewa kwenye hesabu za sehemu, wakati mi nilidhani wananielewa. Karatasi nilizibandika kwenye boksi gumu, zimedumu.

Mdau wa Elimu Jumuishi
Naomba niongelee kundi linalosahaulika. Nina mwanafunzi asiyeona, anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, ilianzishwa 2006 Australia na vijana wawili ambao wenyewe hawaoni. Inaongea na Kiswahili pia, lafudhi ni ya kimashine ila anaizoea, yeye anaisikiliza kwa kasi ambayo mimi siambulii neno.

Siku shule ilipotangaza "maktaba ya kidijitali" alifurahi kuliko wote. Akafungua kitabu cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Akavua hedifoni akaniuliza, mwalimu, hivi vitabu havina kitu? Vilikuwa vimepigwa picha kurasa zote vikawekwa kama PDF, kwa NVDA ile ni picha tupu, hakuna hata herufi moja ya kusoma. Tulikaa wiki tatu tukivipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi na kusahihisha makosa. Tafadhalini wakutubi, kabla hujapandisha faili jaribu kuchagua neno moja kwa mausi, likikataa kuchagulika basi kuna mtoto umemfungia mlango. Na mkipata kitabu cha EPUB kichukueni hicho, maandishi yanakuzwa bila mistari kukatika, hata wenye uoni hafifu wanasoma.

Mkutubi
Hiyo ya kuchagua neno naifanya kesho asubuhi, nina faili zaidi ya mia na sijawahi kuzijaribu hivyo. Asante sana.

Mwalimu Mkongwe
Yaliyokufa sasa, maana wote mnaleta mazuri. Kuna kampuni ilituuzia maktaba ya mtandaoni, vitabu vizuri kweli, watoto wakazoea. Mwaka ulipoisha leseni ikaisha, tukafungua asubuhi hakuna kitu, hata orodha ya watoto wamesoma nini ilienda nayo. Hatukuwa tumenunua vitabu, tulikuwa tumekodi na hakuna aliyetufafanulia. Kabla ya kusaini ulizeni maswali matatu: leseni ikiisha tunabaki na nini, data zetu tunazitoa vipi, na je inafanya kazi intaneti ikikatika.

Pia naomba vitabu vya karatasi visitupwe. Mwaka 2018 watafiti walitoa uchambuzi wa tafiti 54, ukaonyesha kwa maandishi ya maarifa watu wanaelewa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa wakiwa na muda mfupi, ila kwa hadithi tofauti haikuonekana. Ndivyo ninavyoona darasani. Hadithi wasome popote, sura ya historia nawapa kitabu na penseli.

Mama Darasa la Tatu
Swali moja kabla sijalala. Vishikwambi vyenu vinakaa wapi? Kwetu funguo anayo mtu mmoja, akiwa na udhuru wiki inapita kabati limefungwa.

Mkutubi
Kwetu ilikuwa hivyohivyo mpaka tukavihamishia maktabani. Vimeingizwa kwenye Koha kama vitabu, kila kimoja kina bakodi yake, mtoto anakiazima kwa kipindi kimoja na kukirudisha kikiwa kwenye chaji. Funguo tunazo watatu, mimi, mwalimu wa zamu, na mmoja wa wale wanafunzi wanne niliowataja juu. Mwaka wa pili huu, hakuna kilichopotea.