Kusoma Kichina: herufi nazijua, lakini sentensi hainiingii

Muulizaji: Habari zenu. Nimejifunza herufi za Kichina kwa kadi, na sasa natambua mia kadhaa nikizikuta moja moja. Hata hivyo, nikipewa habari fupi isiyo na pinyin (matamshi ya Kichina yaliyoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini), nakwama kwenye mstari wa pili ingawa herufi nyingi zilizomo nazijua. Je, niendelee kuongeza herufi, au kuna jambo jingine linalonipita?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, nadhani kinachokukwamisha ni mipaka ya maneno. Kichina hakiachi nafasi kati ya neno na neno, na maneno mengi ya siku hizi yana herufi mbili. Tazama 研究生命起源, yaani «kuchunguza chanzo cha uhai». Herufi tatu za mwanzo, 研究生, zikisimama peke yake humaanisha mwanafunzi wa uzamili. Anayezikusanya kwa pupa hubaki na 命起源, ambayo haina maana, na hulazimika kurudi nyuma na kukata upya: 研究, 生命, 起源. Msomaji mzoefu hukata mahali panapofaa kwa sababu amekwisha kukutana na maneno hayo mara nyingi ndani ya sentensi, mazoea ambayo kadi ya herufi moja haiwezi kumpa mtu. Andika kwenye kadi maneno mazima.

Mchangiaji wa pili: Naafiki, ila nisingeacha kuzichambua herufi zenyewe, kwani nyingi zina sehemu inayodokeza maana na nyingine inayodokeza sauti. 青 husomwa qīng. Ikiwa na alama ya maji huwa 清 (qīng, angavu), ya usemi huwa 请 (qǐng, kuomba), ya jua huwa 晴 (qíng, anga isiyo na mawingu). Usikiamini kidokezo hicho kupita kiasi, maana 猜, yenye 青 hiyohiyo, husomwa cāi; nayo, kwa kejeli, humaanisha kubahatisha.

Muulizaji: Nashukuru. Je, nisome maandishi yenye pinyin juu ya kila mstari?

Mchangiaji wa kwanza: Hapana, kwa sababu jicho litakimbilia pinyin na kuziruka herufi. Hata ilipoidhinishwa mwaka 1958, pinyin ilikusudiwa kusaidia matamshi, si kuchukua nafasi ya herufi. Tafuta hadithi zilizoandikwa kwa ngazi ya wanafunzi, ambazo karibu maneno yote unayafahamu, na matamshi ya neno jipya yaandike pembezoni, mbali na mstari.