Mdogo wangu kaitwa kazi kambi ya Marekani Djibouti. Mwajiri anasimamiwa na nani?

BintiMpwapwa
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, Ipagala, nafanya ununuzi halmashauri, kwa hiyo zabuni na vituko vya wazabuni si vigeni kwangu. Mdogo wangu kamaliza JKT, kapata ofa ya kazi ya stoo Camp Lemonnier. Barua imetoka kampuni ya Dubai inayosema imepewa kazi na kampuni ya Marekani, na wakala wa Dar anataka milioni mbili na nusu za kushughulikia makaratasi. Huku kwetu mkandarasi akipunja nondo najua nani wa kumbana. Kule kambi ya jeshi, mkataba wa kampuni, kijana wa kampuni nyingine. Nani anamsimamia nani?

Ubuyu_tupu
Si ndo wale wa kampuni ya Blackwater waliomimina risasi Baghdad?

Mzee wa Nkuhungu
Kijana, wale walikuwa walinzi wenye bunduki, tena kwa mkataba wa Wizara ya Mambo ya Nje, si wa jeshi. Waliua raia 17 Nisour Square Septemba 2007. Dada anauliza habari za wapishi, madereva na watu wa stoo.

Dada, nimefanya kazi bwaloni Camp Arifjan, Kuwait, chini ya kampuni ndogo nisiyoitaja, iliyopewa kazi na kampuni kubwa yenye mkataba na jeshi. Jeshi lina afisa mikataba, huyo ndiye mwenye mamlaka ya kubadili mkataba, na mara nyingi yuko mbali. Kambini anaweka mwakilishi, askari anayebebeshwa kazi hiyo juu ya kazi zake. Wetu alikuwa sajenti wa karakana. Mtu mwema, injini anazijua, lakini ule mkataba ausome saa ngapi? Mlangoni alisimama mwenzetu na kile kidude cha kuhesabia watu, kila mlaji bonyeza, maana kampuni kubwa ililidai jeshi malipo kwa vichwa. Askari akitoka kupokea simu akarudi, bonyeza tena. Jioni namba inaandikwa, sajenti anasaini. Akianza kushtuka, muda wake umeisha, anakuja mwingine asiyejua lolote. Tume iliyoundwa na Bunge lao ilikadiria mwaka 2011 kwamba dola bilioni 31 hadi 60 zilipotea Iraq na Afghanistan kwa ubadhirifu na wizi. Mimi sikushangaa.

Sasa hili ndilo lako. Jeshi limesaini na kampuni kubwa tu. Mishahara yetu ilipochelewa tulimfuata sajenti, akasema hana mkataba na mwajiri wetu, wala haruhusiwi kumwamuru. Ila alimwandikia afisa mikataba, yule akaishikia kampuni kubwa ankara ya mwezi. Kampuni kubwa ikaibana ile ndogo, wiki haikuisha, hela zikaingia. We mtu wa ununuzi, unaelewa.

Hiyo milioni mbili na nusu usitoe hata senti. Kanuni za mikataba yao zinakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa au kushikiwa pasi, na zinawabana hadi wakandarasi wadogo. Obama alizikaza kwa amri ya 2012. Uliza pia bima ya Defense Base Act, sheria yao ya tangu 1941. Akiumia kazini inamhusu, hata kama si Mmarekani.

BintiMpwapwa
Shikamoo mzee, asante sana. Nimempigia wakala, nikamwomba namba ya mkataba mkuu na jina la hiyo kampuni ya Marekani. Kanijibu ni siri ya jeshi.

Mzee wa Nkuhungu
Marahaba. Siri gani? Pentagon, wizara yao ya ulinzi, inatangaza mtandaoni kila siku ya kazi mikataba yake mikubwa, jina la kampuni na kiasi cha fedha. Mwambie akutajie jina tu, utalitafuta mwenyewe.

Kizota_fundi
Na kabla ya hapo pitia watu wa Wizara ya Kazi pale Mtumba, mji wa Serikali, uulize kama huyo wakala ana leseni. Mimi ningeanzia huko, nauli ya daladala tu.

BintiMpwapwa
Kesho asubuhi naenda. Pasi yake ninayo mimi kabatini, wakala aliiomba jana "kwa ajili ya viza". Haitoki.