Mtoto kachekwa darasa zima kwa kuandika "I goes", na hakuna aliyewahi kumwambia kosa liko wapi

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie nikichanganya mambo, hili jambo liko kifuani tangu jumatatu na usingizi wenyewe siupati vizuri.

Binti yangu yuko form two, shule sitaitaja. Jumatatu karudi hataki kula, hasemi na mtu, kaingia chumbani kajifunika shuka. Nimembembeleza mpaka saa mbili usiku ndo kanipa daftari la English. Zoezi la sentensi kumi, kapata mbili, nane zote zimepigwa peni nyekundu. Na wala sio maksi zilizomliza. Alisimamishwa mbele asome sentensi yake ya kwanza, "I goes to school every day", darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka nao, alafu akamwambia kaa chini hiyo ni English ya darasa la tatu.

Nikamuuliza, mama, kwanini uliweka goes hapo? Akanijibu huku kamasi zinamtoka, "Si tuliambiwa umoja tunaweka s, wingi hatuweki, sasa mimi si ni mmoja?"

Jamani. Mtoto kafuata kanuni aliyopewa, neno kwa neno! Nikafunua daftari nyuma nikaikuta: "Singular subject take a verb with s, plural subject take a verb without s". Mnaona hapo wenyewe, "subject take" badala ya "takes", kanuni ya upatanisho, yaani kitenzi kufuata mtenda wake, imeandikwa bila upatanisho. Nikadhani labda binti kakosea kunakili, nikaenda kwa jirani kuna wenzie wawili wa darasa hilo hilo, madaftari yao yana hivyo hivyo. Na chini ya hiyo kanuni hakuna maelezo mengine yoyote, ni zoezi linafuata.

Sasa nauliza, mtoto wa kitanzania ndo wa kushindwa upatanisho? Mtoto ambaye hajaanza hata chekechea anasema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka, na hakuna aliyemfundisha? Kiswahili kitenzi kinabadilika kwa kila nafsi, ninaenda unaenda anaenda tunaenda mnaenda wanaenda, sita hizo na ngeli bado hujazigusa. Kingereza ukiweka pembeni "be" yenye am, is na are, kwenye wakati uliopo kinabadilika sehemu MOJA tu. I go, you go, we go, they go, alafu he, she, it goes. Imeisha. Hiyo s ni ile "a" yetu ya anaenda, sisi tunaitanguliza wao wameiweka mkiani. Mwambie mtoto pale ambapo kwa kiswahili ungesema ana- kwa mtu mmoja, au ki-, u-, li-, i- kwa kitu kimoja, weka s. Pale unaposema ni-, wewe u-, tu-, m-, wa- usiweke. Nilimweleza usiku ule ule tukiwa tumekaa kitandani, akarudia zile nane, akapata saba. Hata nusu saa haikufika!

Na kuna kitu kingine hawaambiwi kabisa, kwamba herufi hiyo hiyo moja inafanya kazi mbili zinazopingana. Books, s ni ya wingi. Falls, s ni ya umoja. Lazima mtoto achanganyikiwe, na sio wa kwetu tu, nakumbuka chuo tulisoma kazi ya mwanasaikolojia Roger Brown ya 1973, alifuatilia watoto watatu wa Marekani wanavyojifunza lugha yao wenyewe, s ya wingi waliipata mapema, ya kwenye kitenzi ikaja nyuma sana. Wenye lugha yao hao, wameizaliwa! Huko Norfolk Uingereza wapo mpaka leo wanaoongea nyumbani "she go" bila s yoyote. Alafu wa kwetu anachekwa mbele ya wenzie.

Turudi kwenye zile nane. Moja ilikuwa "The list of names are on the wall". Kakoseshwa, sawa, ni kosa, ila pembeni kumeandikwa "is" tu na mkwaju mwekundu. Hivi inashindikana nini kumuuliza mtoto, kwa kiswahili ungesemaje? Orodha ya majina imebandikwa. IMEbandikwa, kwasababu kilichobandikwa ni orodha, majina yanaifuata tu. Idadi ya wanafunzi imeongezeka, the number of students has increased. Mmoja wa wanafunzi ameumia, one of the students has been hurt. Kila mtoto ana daftari lake, every child has. Hata ile inayowatesa watu wazima, "a number of students have failed", ukiitafsiri ni wanafunzi kadhaa WAmefeli, unaona mwenyewe kwanini ni have. Kiswahili kinambeba mtoto karibu njia yote!

Pale kisipombeba ndo mwalimu alitakiwa asimame asisitize, na ndo pale palipopitwa kimya. Binti aliandika "The water are boiling". Mwalimu kaona uzembe, mimi naona kiswahili, maji YAnachemka, maziwa YAmeharibika, mafuta YAmepanda, kwetu vimiminika hivi vinakaa kama wingi na kwa mzungu ni umoja. Nywele zimekatika, kwao hair is. Pesa zimeisha, habari zimefika, kwao money is, news is. Na kinyume chake, suruali imechanika, mkasi umepotea, kwao trousers are, scissors are. Orodha yenyewe hata ukurasa haijazi, ingebandikwa ukutani darasani mwaka mzima. Na "Does she goes", naye aambiwe tu kwamba s ikishakaa kwenye does haitakiwi tena nyuma yake.

Nilipompigia mwalimu kwa heshima zote kumuuliza mbona hamuwaelezi hivi, kaniambia kiswahili darasani hakiruhusiwi, shule ni English only, anayekamatwa anaongea kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Sijaleta hapa mjadala wa lugha ya kufundishia, ule una watu wake. Mimi naongelea kipindi cha English, sarufi ya English, mtoto haelewi, na kifaa cha kumwelewesha kiko kinywani mwake tayari ila akikitoa anavalishwa kibao.

Nina steshenari mjini, natypia watu barua za kazi kutwa nzima. Wanakuja watu wana digrii zao mkononi, karatasi imeandikwa "I has three years experience", "My qualifications is attached". Namrekebishia kimya kimya maana ni mtu mzima na anaona aibu, lakini wangapi wanatuma bila kupita kwangu? Mwenye ofisi hasomi hata mstari wa pili, anaweka pembeni. Huyo mtu kasoma kingereza kuanzia primary mpaka chuo, miaka yote hiyo kakoseshwa kwa peni nyekundu na hakuna hata mmoja aliyemkalisha chini dakika kumi.

Jumamosi hii kuna kikao cha wazazi na naenda na hilo daftari. Walimu wa English mliomo humu naomba mnijibu kabla ya hapo, na nauliza kwa dhati kabisa, ni nani kawakataza kuandika "anaenda" na "goes" sambamba ubaoni? Ni mkuu wa shule, ni wathibiti ubora, au ni mazoea tu mliyoyakuta? Kama kuna waraka nauomba niusome mwenyewe.