Skana ya mianya kwenye Debian 12 nyuma ya fayawoli: Greenbone, Nessus au Lynis?

mkwaju_ict
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia seva za ofisi, zote Debian 12, nyuma ya fayawoli inayoruhusu miunganisho ya kwenda nje kwa poti 443 (HTTPS) na DNS tu. Bosi anataka ripoti ya mianya ya usalama kila mwezi. Nimebakiwa na njia tatu: Greenbone (OpenVAS) au Nessus Essentials, ambazo ni skana za mtandao, au Lynis na debsecan, programu za kukagua ndani ya kila seva. Vifurushi vya Greenbone vya Kali (Linux ya wapima usalama) vinavutia, ila nasita kuongeza hazina ya Kali kwenye Debian hizi. Mnashauri nini?

binti_pwani
Usiongeze kabisa, mkuu. Apt itaanza kuvuta libc6 mpya (maktaba ambayo karibu kila programu inaitegemea) na maktaba nyingine, na kurudi nyuma ni kazi kubwa kuliko kusakinisha upya. Watu wa Debian wenyewe wanakataza kuchanganya hazina hivyo.

Weka Greenbone kwa kontena (Docker), kwenye mashine yake peke yake. Kima cha chini ni kori 2, RAM GB 4 na diski GB 20. Wenyewe wanapendekeza 4, 8 na 60. Na kwa fayawoli yako kontena zinakufaa zaidi: ukiijenga kwa mkono, greenbone-feed-sync, amri ya kupakua data za ukaguzi, hutumia rsync kwenye poti 873, ambayo umeifunga. Kwa kontena, data za ukaguzi huja ndani ya imeji zenyewe kupitia 443.

fundi_254
Naongezea. Docker huandika kanuni zake za iptables (fayawoli ya ndani ya Linux), kwa hiyo poti uliyoichapisha kwa kontena inafikika hata kama ufw, chombo cha kupanga fayawoli hiyo, inaonyesha imezuiwa. Ukurasa wa Greenbone uache kwenye 127.0.0.1, kisha uufikie kwa `ssh -L 9392:127.0.0.1:9392`.

Nessus ni rahisi kuliko zote kusakinisha: faili moja ya deb, `dpkg -i`, unafungua poti 8834. Lakini Essentials ina kikomo cha anwani za IP. Kwa ofisi yenye seva nyingi siipendekezi.

mzee_wa_terminal
Jamani, chombo si tatizo kubwa. Swali ni skana ikae wapi na iingie vipi.

Chukueni CVE-2024-6387, mwanya wa OpenSSH wa Julai 2024. Wenye programu waliiziba kwenye 9.8p1. Debian 12 ilibaki na 9.2p1, kiraka kikaingizwa kwenye 1:9.2p1-2+deb12u3. Skana inayosoma namba ya toleo kutoka nje inaona 9.2p1 na inaweza kupiga kelele kwamba seva iko hatarini, wakati imeshapona. Bosi akisoma ripoti ya namna hiyo, utashinda wiki nzima ukijieleza.

Ipe skana akaunti ya SSH isome orodha ya dpkg, yaani vifurushi vilivyosakinishwa na matoleo yake kamili. Mtumiaji wa kawaida anatosha kwa kazi hiyo, usiipe root. Na iweke ndani, mtandao mmoja na seva. Ukichanganua kupitia fayawoli ya Linux, jedwali la miunganisho linaweza kujaa. Ukiona `nf_conntrack: table full, dropping packet`, ujue watumiaji wako nao wanaumia.

mkwaju_ict
Nimeelewa, mzee. Seva zangu hazijibu ping, ripoti haitatoka tupu?

mzee_wa_terminal
Itatoka tupu, na mtu atadhani kila kitu ni salama. Kwenye Greenbone, mipangilio ya target (mashine za kuchanganua), sehemu ya Alive Test, chagua Consider Alive. Itachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo andika anwani halisi za seva, usiweke /24 nzima (anwani 256).

binti_pwani
Na usiache debsecan hata ukiwa na Greenbone. `debsecan --suite bookworm --only-fixed` inakuonyesha mianya ambayo kiraka chake kimeshatoka na wewe hujakisakinisha, na data yake inapita 443. Lynis inaangalia zaidi mipangilio: SSH, ruhusa za faili, kerneli. Kama mashine ya Greenbone itachelewa kununuliwa, anza na hivi viwili leo, vyote vipo kwenye hazina ya Debian.