Ndege chozi huja bustanini kwetu Moshi mishubiri ikichanua, kisha hupotea: nifanyeje wabaki mwaka mzima?

Dada wa Shanty Town (Moshi)

Habari zenu wanajukwaa, na kwa wakubwa nasema shikamooni.

Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, yenye nyasi, mawaridi, mhibiski mmoja mwekundu na mstari wa mishubiri kandokando ya ukuta. Kuanzia mwezi wa sita, mishubiri ilipotoa maua, chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maji matamu ya maua, walifika kwa wingi hata nikawa nachelewa kazini kwa kuwatazama. Mmoja alikuwa na tumbo la njano na mgongo wa buluu inayomeremeta; mwingine alikuwa mweusi mwenye kifua chekundu, naye aliwafukuza wenzake wote kutwa nzima. Mwishoni mwa mwezi wa nane maua yalinyauka, na tangu hapo hupita siku nne au tano bila kumwona hata mmoja.

Dada yangu anayeishi Marekani alinieleza kwamba huko watu huwavuta kolibri, wale ndege wadogo wanaoelea hewani mbele ya ua, kwa kuning'iniza chupa ya maji matamu. Nami nikajaribu. Nilichanganya asali na maji, nikatia rangi nyekundu ya keki, nikaiweka nje ya dirisha la jikoni. Siku ya tatu walikuja nyuki, na mtoto wa jirani akaumwa mara mbili shingoni. Chupa nimeiondoa na mama yake nimemwomba radhi, lakini bado ninatamani kujua: je, chozi ni ndugu wa kolibri? Nipande nini ili wasiondoke? Niongeze pia kwamba kila baada ya wiki mbili hupulizia dawa ya wadudu, kwa ushauri wa muuza pembejeo aliyeniuzia miche ya mawaridi.

Mwalimu Mstaafu (Usa River)

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyompata mtoto wa jirani.

Chozi na kolibri si ndugu. Kolibri wako zaidi ya aina 300, na wote ni wa mabara ya Amerika. Hakuna hata mmoja anayeishi porini Afrika. Chozi wako zaidi ya aina 140, nao wameenea Afrika, Asia na hadi Australia. Wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja, yaani kunywa mbochi, yale maji matamu yaliyo ndani ya ua, na kazi hiyo inadai mdomo mwembamba na ulimi mrefu. Tofauti utaiona kwa macho yako: kolibri hunywa akiwa anaelea, ilhali chozi, ingawa anaweza kuelea kwa muda mfupi, hupenda kukamata shina kwanza. Kwa hiyo jambo la kwanza unalopaswa kumpa ni mahali pa kusimama. Mshubiri unampendeza kwa sababu shina lake ni gumu na maua yake yameinamia chini, naye huning'inia pale na kunywa kwa raha.

Yule mwenye tumbo la njano, kwa maelezo yako, kwa jina la kisayansi ni Cinnyris venustus, na mwenye kifua chekundu ni Chalcomitra senegalensis. Huku kwetu, ambako ni juu kidogo na kuna baridi zaidi, tunaye pia chozi mkubwa wa rangi ya shaba mwenye mkia mrefu, ambaye jina lake la kisayansi, Nectarinia kilimensis, linautaja mlima wenu wa Kilimanjaro. Majike wa karibu aina zote hizi ni wa kahawia au kijivu, na naamini kwamba baadhi ya siku ulizohesabu kuwa hazikuwa na chozi, jike alikuwapo na hukumtambua. Hata dume akiwa kivulini huonekana mweusi mtupu, kwa sababu mng'ao wake hautokani na rangi bali na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Kaa huku jua likiwa mgongoni kwako, kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, wakati maua yamejaa mbochi na ndege ana njaa ya usiku kucha.

Kuhusu ugomvi wa yule dume, hiyo si roho mbaya. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu nchini Kenya, wakakuta kwamba maeneo yanayolindwa na ndege hao yalitofautiana sana kwa ukubwa, lakini idadi ya maua ndani ya kila eneo ilikaribiana, nayo ilitosha kumlisha mwenyewe kwa siku. Anacholinda ndege ni maua, wala si ardhi. Wewe umeipanga mishubiri yote katika mstari mmoja ambao dume mmoja anaweza kuulinda akiwa kwenye tawi moja. Hamisha nusu ya machipukizi uyapeleke upande wa pili wa nyumba, asikoweza kuona, na utapata mwenyeji wa pili.

Sasa kuhusu misimu. Chozi wako hawakwenda mbali. Wamefuata maua, kwani baadhi ya aina hupanda na kushuka mlimani kadiri mimea inavyochanua. Kwa hiyo panda kwa kufuata kalenda. Kwa kipindi cha baada ya masika, tafuta leonotis, ule mmea wa kando ya barabara wenye shina lililonyooka na mafungu ya mviringo ya maua ya rangi ya chungwa yaliyopandana kama ghorofa. Watu huung'oa wakiuona ni gugu, jambo linalonisikitisha sana, maana sijaona mmea wa bei ndogo unaowapendeza chozi kuliko huo. Mashina mengine yakate mapema na mengine uyaache, ili yasichanue yote kwa pamoja. Miezi ya baridi mishubiri yako inatosha. Kwa kiangazi, kama uzio wako una nafasi, chomeka kipande kinene cha tawi la Erythrina abyssinica, mti wa asili wenye miiba unaopukutisha majani kisha ukajaa maua mekundu ukiwa mtupu. Mhibiski ukimwagiliwa huchanua karibu mwaka mzima. Usishangae ukimwona chozi akitoboa kitako cha ua na kunywa kwa pembeni badala ya kupitia mlangoni. Mawaridi yenye petali nyingi hayana cha kumpa.

Niliyerudi Kutoka Ohio (Sakina, Arusha)

Niseme machache kuhusu chupa. Niliishi Ohio miaka sita, na huko kila mwisho wa mwezi wa nne tulikuwa tukimsubiri kolibri mwenye koo jekundu, ndege wa gramu 3 hivi, anayepiga mabawa takribani mara 50 kwa sekunde na ambaye, akielekea kusini kukwepa baridi, anaweza kuivuka Ghuba ya Meksiko bila kutua. Mchanganyiko unaokubalika huko ni kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji, basi. Asali haitumiki kwa sababu ikichanganywa na maji huchacha na kuotesha ukungu unaoweza kumdhuru ndege, na rangi haihitajiki kabisa. Wakati wa joto maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili, na chupa husuguliwa.

Chozi naye hunywa maji ya sukari. Hata hivyo, kwa joto la Moshi, na kwa nyuki na sisimizi tulio nao, mimi nisingekushauri uirudishe chupa hiyo karibu na watoto. Kule bustani hulala chini ya theluji miezi kadhaa. Hapa ardhi haikosi ua.

Dada wa Shanty Town (Moshi)

Nawashukuru sana, hasa wewe mwalimu. Leo asubuhi nimekaa jua likiwa mgongoni, na kweli nimemwona jike wa kahawia kwenye mhibiski akitoboa ua kama ulivyosema. Sijui amekuwa akija mara ngapi. Nina swali jingine: mwezi wa saba yule mwenye kifua chekundu alikuwa akipigana na kioo cha pembeni cha gari langu hadi kikachafuka kwa mate na mavi. Je, anaweza kujiumiza?

Mama wa Kihambani (Marangu)

Dada, anajiona mwenyewe na kudhani ni dume mwingine amevamia maua yake. Anaweza kuchoka bure na kuacha kula. Ukifika nyumbani, vifunike vioo kwa soksi kuukuu au mfuko wa nguo.

Nimeshangaa kwamba hakuna aliyetaja mgomba. Sisi huku kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatujawahi kuwaita chozi, nao hawajawahi kutukosa, kwa sababu mgomba hautegemei masika wala vuli: daima kuna mmoja unaotoa mkungu. Ua lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu hufunua gamba moja baada ya jingine, na chini ya kila gamba kuna safu ya maua madogo yaliyojaa mbochi. Wengi hulikata mapema. Mimi huyaacha mawili matatu yaliyo karibu na baraza, na hapo ndipo ninapokunywa chai nikiwatazama. Panda migomba mitatu katika kona inayopokea maji ya kuogea, uiache ipishane umri, na mwezi wa kwanza na wa pili, kila kitu kinapokauka, utakuwa na meza iliyoandaliwa.

La pili ni ile dawa, na hapa nakuomba kwa dhati uiache. Chozi halei makinda wake kwa mbochi peke yake. Huwalisha wadudu na buibui, kwani mtoto hajengi mwili kwa sukari. Tena jike hujenga kiota chake kwa utando wa buibui: huokota nyuzi za majani makavu, vipande vya magome na sufi, akavifunga kwa utando huo hadi kikawa kama kimfuko kinachoning'inia, chenye mlango ubavuni na mara nyingi kijibaraza juu yake. Mwaka jana mmoja alijenga kwenye waya wa taa ya baraza letu, tukakaa majuma matano bila kuiwasha taa hiyo. Huatamia jike peke yake, yai 1 au 2, kwa takribani wiki mbili. Ukiua buibui wote ukutani kwa dawa, umemnyang'anya kamba na chakula cha watoto kwa mara moja.

Ukipata kiota, usikiguse, na paka afungiwe. Ukiona kinda mmoja mkubwa kuliko mama anayemlisha, usidhani macho yamekudanganya, kwani yupo kekeo mdogo wa kijani mgongoni anayetaga katika viota vya chozi na kuwaachia malezi. Mimi nilimwona mara moja tu. Chozi jike alisimama karibu juu ya kichwa cha kinda ili amfikie mdomoni.

Dada wa Shanty Town (Moshi)

Asante, mama yangu. Soksi nimezivalisha vioo jioni hii, na bomba la kupulizia nimelirudisha stoo likiwa limeoshwa. Jirani, mama wa yule mtoto, amenipa machipukizi mawili ya mgomba na ameahidi la tatu Jumamosi. Leonotis nimeiona imesimama mitaroni njiani kuelekea hospitali ya KCMC, tayari ina mbegu kavu. Kesho asubuhi nitapita na bahasha.