Naomba ushauri: modeli ya 3D ya mlango wa njumu kutokana na picha

Wakuu, habari zenu. Nataka kuhifadhi kwa modeli ya 3D mlango wa kuchonga wa nyumba ya ukoo wetu Mji Mkongwe, Zanzibar, kabla fundi hajaanza kuukarabati.

Nimepiga picha kwa simu, nikisogea kidogo kidogo ili kila picha iingiliane na iliyotangulia, kisha nikaziingiza kwenye COLMAP, programu ya kuunda modeli ya 3D kutokana na picha. Mbao zimetoka vizuri mno. Kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, unaona mpaka alama za patasi. Shida ni njumu, yaani vile vichwa vya shaba vilivyochomoza mlangoni. Programu hutafuta nukta zilezile kwenye picha tofauti ndipo ikokotoe kamera ilisimama wapi na kila nukta iko umbali gani. Sasa shaba inang'aa, na mng'ao unahama kila ninaposogea. Njumu nyingine zimekuwa mashimo matupu, nyingine zimebonyea ndani badala ya kuchomoza.

Najua wapo wanaopulizia unga mweupe ili kuua mng'ao. Hilo silitaki kabisa, mbao ni kongwe na unga utaganda kwenye michongo. Je, kichujio cha polaraizi (kile cha kupunguza mng'ao) kwenye lenzi kinasaidia kwa shaba, au nisubiri tu siku ya mawingu?

Jingine ni vipimo, maana picha peke yake hazisemi mlango una urefu gani. Rula moja pembeni inatosha, au niweke kadhaa, juu na chini?

Fundi anaanza baada ya Idi. Aliyewahi kupiga vitu vya shaba anisaidie tafadhali, hata kwa mfano wa picha zake.